Mjusi, Furukombe na Ndege Wanane wa Ukutani

Paukwa?

Pakawa.

Palikuwa na ukuta?

Ukachorwa ndege.

Ndege gani?

Hapo ndipo ugomvi.

Basi sogeeni. Nanyi mlio nyuma, buruteni mkeka mje, maana sitalikausha koo langu kwa ajili ya mvivu. Na wewe unayecheka kabla sijaanza, tia akiba, kicheko chako kina mahali pake.

Zamani hizo palikuwa na bwawa likiitwa Kitope. Lilikuwa bwawa zuri, jina tu ndilo halikubahatika. Juu ya bwawa palikuwa na pango, ndani ya pango palikuwa na ukuta mrefu, na kwenye ukuta huo marehemu Mzee Ngedere alichora ndege wanane. Aliwachora kwa mkaa na udongo mwekundu, akawapanga kuanzia mlangoni mpaka ndani kabisa. Saba wameinama wanakunywa maji. Wa nane, yule wa ndani, anaruka, bwawa amelipa mgongo, na kwenye kucha zake ana samaki mnene.

Ngedere alikuwa mchoraji mwenye moyo, ila mkono ulimkatalia. Ndege wake walikuwa na tumbo, shingo na miguu miwili, na ukimkuta mwenye miguu mitatu ujue mmoja ni mkia. Lakini alikuwa mzee wa watu, akaacha sheria pamoja na picha zake, na sheria ikashikwa. Sheria ya ukuta ilikuwa na maneno mawili. La kwanza: ndege aliyechorwa ndiye mwenye bwawa. La pili: ndege aliyechorwa afanye lile analofanya pale ukutani. Na picha zisomwe kama mtu anavyoingia nyumbani, kutoka mlangoni kwenda ndani.

Neno la kwanza kila mtu alilijua kwa moyo. Neno la pili lilikaa tu, kama mgeni asiyekaribishwa chai.

Miaka ya mvua hakuna aliyeuliza wale ni ndege gani. Maji yalikuwa tele, kila mdomo ulikunywa. Kisha ukaja mwaka wa ukame. Bwawa likanywea, likanywea, likabaki upana wa ua wa nyumba. Siku hiyo ndiyo Furukombe alipokumbuka sanaa.

Furukombe mnamjua. Ndege mkubwa, kifua kipana, kucha kama ndoana, na kichwa cheupe pe. Alikuwa na nguvu kuliko ndege wote wa Kitope na tumbo kuliko nguvu zake. Akatua juu ya mwamba, pwaa, akasema, "Mwiteni Maalim Korongo. Nataka ndege wa ukutani watambuliwe. Tumekaa kijinga muda mrefu mno."

Sasa ndani ya pango lile aliishi Bi Mjusi. Si mjusi wa porini huyu, ni yule mdogo wa ukutani, mnayemwita mjusi kafiri, na jina hilo hajui alilipataje, hakuna aliyewahi kumwuliza dini yake. Nyumba yake ilikuwa ufa mrefu uliopita juu ya vichwa vya ndege wale, kuanzia wa kwanza mpaka wa saba. Wa nane ufa haukumfikia. Mwaka ule ndani ya ufa Bi Mjusi alikuwa na mayai mawili. Na mjusi wa ukutani akitaga, yai hushika ukuta kama ukoko unavyoshika sufuria. Ukijaribu kulibandua umelivunja. Kwa hiyo mwenzetu alikuwa hahamishiki.

Hapa nawaomba radhi, maana inabidi nitaje jambo la chooni. Mwenye kula aweke chini tonge.

Kinyesi cha mjusi ni cheusi, ila ncha yake ni nyeupe kama chokaa. Kile cheusi hukauka kikapukutika. Kile cheupe hubaki. Basi mama yake Bi Mjusi, na bibi yake, na mama wa bibi yake, wote waliishi katika ufa ule, na wote walikuwa na desturi ya kukaa ukingoni asubuhi wakaachia. Pta. Chini ya ufa kulikuwa na nini? Vichwa vya ndege. Miaka nenda miaka rudi, pta na pta, ndege saba wa Mzee Ngedere wakawa na vichwa vyeupe. Wa nane peke yake alibaki na kichwa cha mkaa.

Maalim Korongo akaja, chwa, chwa, chwa, shingo mbele, miguu nyuma. Kazi yake ilikuwa kutambua ndege waliochorwa, na aliifanya kwa kanuni. Nyuma yake alikuja Nyati, mlinzi wa ukuta. Nyati hakujua ndege wala picha. Alijua jambo moja tu: analosema Maalim kuhusu ukuta, yeye hulitekeleza kwa pembe.

Korongo akasimama mbele ya ndege wa kwanza. "Mdomo," akasema. Mdomo ulikuwa ndani ya maji, hauonekani. "Mguu," akasema. Mguu ulikuwa kijiti. "Mkia," akasema. Mkia huenda ulikuwa mguu. Korongo akakohoa. "Tutazame kichwa."

"Kichwa kikoje, Maalim?" akauliza Furukombe.

"Kichwa ni cheupe."

"Na hapa Kitope nani ana kichwa cheupe?"

"Ni wewe, Bwana Mkubwa."

"Basi huyo ni mimi. Endelea."

Wakaenda kwa wa pili. Mdomo haupo. Mguu kijiti. Mkia mashaka. Kichwa cheupe.

"Huyo ni mimi nikiwa mwembamba," akasema Furukombe. "Endelea."

Wa tatu. Mdomo haupo. Mguu kijiti. Mkia mashaka. Kichwa cheupe.

"Huyo ni mimi nimelowa. Endelea."

Wa nne alikuwa wa duara kabisa, kama kibuyu.

"Huyo ni mimi nimeshiba," akasema Furukombe. "Endelea."

Chiriku, ndege mdogo mwenye mdomo usiopumzika, alikuwa mlangoni na wenzake. Akashindwa kujizuia. "Samahani, Bwana Mkubwa. Wa tano ana shingo ndefu. Wewe na shingo ndefu wapi na wapi?"

Furukombe akageuza kichwa polepole. "Nilikuwa nachungulia kitu," akasema. "Na wewe Chiriku, nyama yako ni kidogo, lakini nimekwisha kula vidogo kuliko wewe."

Chiriku akaona bora atazame miguu yake. Wa tano akawa Furukombe anachungulia. Wa sita akawa Furukombe ana usingizi. Wa saba alikuwa na miguu minne, Ngedere alisahau akarudia, lakini kichwa kilikuwa cheupe, naye akawa Furukombe ana haraka.

Walipomfikia wa nane, pango lilikuwa limeshaingia giza kule ndani na Korongo alikuwa na njaa. "Huyu tutamtambua kesho alasiri," akasema, "jua likiingia mlangoni vizuri."

"Sawa," akasema Furukombe. "Lakini sikilizeni nyote. Kesho akishatambuliwa huyo wa nane, kila asiyechorwa ukutani ahame Kitope. Awe ndege, awe mdudu, awe nani. Nyati atawasindikiza. Na pango hili lifagiliwe, ule ufa uzibwe kwa udongo. Sitaki picha zangu zikae na uchafu."

Bi Mjusi alikuwa ukutani kichwa chini miguu juu, akasikia kila neno. Akashuka mpaka usawa wa Furukombe.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi Mjusi, baba. Nakaa kwenye ufa. Nina mayai mawili, yameshika ukuta, hayabanduki. Nakuomba ufa usizibwe mpaka yaanguliwe. Siku kumi tu."

Furukombe akacheka mpaka manyoya yakasimama. "Mayai hayabanduki? Basi yazibiwe humo humo," akasema, akaruka zake, pwaa, pwaa.

Bi Mjusi alilia. Mimi sifichi jambo, alilia, na machozi ya mjusi ni madogo lakini yana chumvi ile ile. Chiriku akaja kumbembeleza.

"Shoga, acha kulia. Wewe unajua vile vichwa vimekuwaje vyeupe. Nenda kwa Maalim ukamwambie."

"Nimwambie nini?" akasema Bi Mjusi. "Nimwambie Maalim, kutwa nzima ya leo umetambua mavi ya bibi yangu? Atanishukuru?"

Chiriku akafikiri. "Hatashukuru."

"Atasema uongo, kisha atasema nimemtukana, kisha Nyati atanikanyaga. Niache kwanza nitazame ukuta."

Akautazama ukuta. Aliuanza mlangoni akaenda ndani, kama sheria inavyotaka. Wa kwanza anakunywa. Wa pili anakunywa. Wa tatu anakunywa. Akaenda, akaenda, akafika kwa wa nane. Wa nane anaruka, bwawa amelipa mgongo. Bi Mjusi akamtazama huyo kwa muda mrefu. Kisha akalikumbuka lile neno la pili la sheria, lile lisilokaribishwa chai, na akajipangusa uso kwa ulimi. Mijusi wa aina yake hujipangusa hivyo.

"Chiriku, shoga yangu," akasema, "kesho asubuhi niletee chakula. Nzi, mchwa, sisimizi, chochote. Usichague. Niletee mpaka nikwambie basi, na nikisema basi niongeze."

"Una njaa kiasi hicho?"

"Sina njaa. Nina kazi ya kupaka rangi."

Asubuhi Furukombe akashuka bwawani kama mwenye nyumba. Akanywa mara moja, akasema, "Hii ni ya wa kwanza." Akanywa mara ya pili, akasema, "Hii ni ya yule mwembamba." Akanywa ya aliyelowa, akanywa ya aliyeshiba, akanywa na kunywa mpaka ya saba, kwa kuringa tu, ndege wengine wakimtazama midomo imekauka. Walihesabu kila funda kwa uchungu. Kisha akapanda mwambani akalala, tumbo linacheza chuku, chuku.

Kule pangoni Chiriku alileta nzi, Bi Mjusi akala. Akaleta mchwa, akala. Akaleta sisimizi, akala. Akaleta nondo mkubwa mwenye mabawa ya unga, akamla naye kwa shida, bawa moja likamtoka nje ya mdomo.

"Basi," akasema Bi Mjusi. Chiriku akamwongeza buibui.

Jua lilipokuwa utosini na kila kiumbe kimesinzia, Bi Mjusi akatoka katika ufa, tumbo limemtangulia. Akatambaa, tapa, tapa, tapa, akapita juu ya wa saba, akafika juu ya wa nane. Akajiweka sawa. Akalenga. Akangoja.

Wapi. Hakuna kitu.

Mnacheka. Hebu wewe uambiwe leo, fanya sasa hivi, na watoto wako wawili roho zao ziko hapo hapo. Mambo haya hayaamrishwi. Bi Mjusi akabana, akaachia, akabana, akamwomba bibi yake huko aliko. Hakuna kitu. Jua likaanza kuinama.

Mara nje ya pango sauti ya Furukombe ikapasuka, "Maalim yuko wapi? Leteni udongo wa kuziba ufa." Bi Mjusi akaingiwa na hofu ya kweli, hofu ya mama, ikamshuka mwili mzima mpaka chini. Pta. Akatazama. Limeangukia mkiani. Akasogea hatua mbili. Pta. Limetua kichwani, katikati, jeupe linang'aa. Bi Mjusi akarudi ufani akalala chali karibu na mayai yake, mwepesi kama jani kavu.

Alasiri ikafika. Korongo, chwa, chwa, chwa. Nyati nyuma yake. Furukombe kifua mbele. Wadogo wote mlangoni, kila mmoja na kimzigo chake cha kuhama. Na jua lilikuwa limeingia ndani vizuri.

Kabla Korongo hajafungua mdomo, Bi Mjusi akashuka ukutani. "Maalim, nina neno. Huyu wa nane asipewe Bwana Furukombe. Saba zinamtosha. Huyu ana samaki mnene, huenda ni mnandi, maana mnandi ni mvuvi hodari."

Furukombe akasikia "samaki mnene" na akasikia "asipewe", na masikio yake hayakuwahi kuvumilia maneno hayo mawili yakikaa pamoja.

"Mnandi?" akasema. "Maalim, kichwa kikoje?"

Korongo akanyoosha shingo. "Mdomo, wastani. Mguu, umeshika samaki. Mkia, una doa, dalili ya ukubwa wa cheo. Kichwa." Akasita. "Kichwa ni cheupe."

"Basi huyo ni mimi."

"Mmh," akasema Bi Mjusi, "mimi bado nina wasiwasi. Kichwa cheupe tu kinatosha?"

"Kinatosha," akasema Furukombe. "Kilitosha kwa wale saba, kinatosha kwa huyu."

"Kwa hiyo kama huyu si wewe, na wale saba si wewe?"

"Na wale saba si mimi. Afadhali umeanza kuelewa, we mjusi."

Korongo alikuwa bado anatazama kile kichwa kwa karibu. "Ajabu," akasema, "rangi inaonekana mbichi." Chiriku akafunga macho. Korongo akanyoosha mdomo wake mrefu, akagusa kichwa cha wa nane, akakata kipande, akakitia ulimini. Akakitafuna polepole, kacha, kacha, macho juu.

"Ladha ni ya kale," akasema. "Chokaa ya zamani, iliyochanganywa na unga wa mabawa ya nondo. Mafundi wa leo hawaijui tena. Nathibitisha mbele yenu nyote, wa nane ni Furukombe."

"Wanane wote ni mimi," akasema Furukombe, na akawalazimisha waitikie. Wakaitikia, wengine wakilia.

"Hongera, baba," akasema Bi Mjusi. "Sasa Maalim, tusomee sheria yote, tupate kuondoka kwa adabu."

Korongo akasoma kama mtu asomaye jina lake. "Neno la kwanza, ndege aliyechorwa ndiye mwenye bwawa. Neno la pili, ndege aliyechorwa afanye lile analofanya pale ukutani."

"Kuanzia wapi kwenda wapi?"

"Kutoka mlangoni kwenda ndani."

"Wa kwanza mpaka wa saba wanafanya nini?"

"Wanakunywa."

"Na leo Bwana Mkubwa amekunywa mara ngapi?"

"Saba," wakasema wadogo wote kwa pamoja, maana walihesabu.

"Basi saba zimetimia. Tumefika kwa wa nane. Anafanya nini?"

Korongo akageuka akautazama ukuta. "Anaruka," akasema. "Bwawa amelipa mgongo. Anakwenda zake."

"Na samaki," akasema Bi Mjusi. "Samaki achukue, tusimdhulumu."

Sasa cheka wewe niliyekwambia utie akiba.

Furukombe akausogelea ukuta. "Ngojeni," akasema. "Nimemtazama vizuri. Huyu wa nane si mimi."

"Kama huyu si wewe, wale saba je?" akauliza Chiriku, na safari hii hakutazama miguu yake.

"Maalim," akasema Furukombe, sauti imelainika, "waambie ulikosea. Kichwa kile hakikuwa cheupe sana."

Maalim Korongo alikuwa mwoga maisha yake yote. Alikuwa amemkubalia Furukombe kuhusu ndege mwenye miguu minne. Lakini sasa alijinyoosha akawa mrefu kuliko shingo yake.

"Bwana Mkubwa," akasema, "nimeonja. Mimi nikishaonja, sibadilishi."

Nyati akasogea kutoka mlangoni, gudu, gudu. Alikuwa amengoja kutwa nzima aambiwe nani anaondoka, na sasa ameambiwa. Akainamisha pembe. "Bwana," akasema, "twende."

Bwawani alikuwa amebaki samaki mmoja, perege mwembamba aliyekata tamaa. Furukombe akamchukua, sheria ni sheria, akaruka, pwaa, pwaa, pwaa, mgongo kwa Kitope, sawasawa na ile picha. Na mnaomjua furukombe mtakubaliana nami: mpaka leo, huko kwenye maziwa ya wenyewe, akitaka kulia hutupa kichwa nyuma. Anawaonyesha watu kichwa chake cheupe, wamtambue. Hakuna anayemjibu.

Wadogo wakashusha vimizigo vyao wakanywa. Siku ya kumi mayai ya Bi Mjusi yakaanguliwa, wakatoka wawili, wembamba, macho makubwa, na jambo la kwanza walilofanya duniani walilifanya juu ya kichwa cha ndege wa nne. Bi Mjusi akawatazama, machozi yakamlengalenga, akaona ukoo haujapotea.

Mvua iliponyesha ilikuwa kubwa isiyopata kuonekana, maji yakapenya pangoni yakawaosha wale ndege wanane wakabaki mkaa mtupu. Wadogo wakaja kutazama waone ni akina nani hasa. Chiriku alisema ni bata. Tiva, ndege mwenzake, alisema ni kanga. Mwingine alisema ni vibuyu vinane vyenye miguu. Wakashindwa kukubaliana, na kwa kuwa hawakukubaliana, wakanywa wote. Maalim Korongo hakuwapo siku hiyo. Alikuwa anafundisha wanafunzi kuonja.

Ngano yangu imekunywa maji, imepangusa mdomo, imeruka zake. Mwenye kuitaka amfuate Furukombe.

Na msije mkaenda kwenu mkasema sikuwapa funzo. Funzo ni hili: picha za watu zisichafuliwe. Mwenye haja aende chooni kama wenzake, maana tangu dunia iumbwe hakuna aliyefanya uchafu juu ya kazi ya mtu akapata faida yoyote. Na Maalim akiwaambia ni chokaa ya zamani, kubalini, ila msionje.